Sanduku la Ubavuni

Nyumbani Tarsus baba hajui chumvi inakaa wapi.
Huketi, akasema, "Feride, chumvi,"
na mama huinuka kwenda kuichukua rafuni,
hatua mbili tu, nyuma ya kisogo cha baba.

Kiangazi nilipotimiza miaka kumi na mmoja
alinipakia kwenye lori pamoja na mashine za kufulia,
tani kumi na nane, tukaelekea Austria.
Kwanza tukafika Kapikule.
Na Kapikule, kila dereva anajua, ni foleni:
malori pua kwa mkia hadi macho yachoke,
Bulgaria iko pale, unaiona, huifikii.

Jua lilipolegea baba akashuka,
akazunguka ubavuni mwa trela,
akatoa kijifunguo nisichokijua.
Kifuniko kikashuka kwa minyororo miwili, kikawa meza.
Humo ndani, mahali pasipotosha kulaza mbuzi,
mtungi wa gesi, jiko la moto mmoja,
sufuria tatu zilizomezana,
kisu ndani ya gazeti,
makopo ya kahawa yenye mnanaa mkavu, bizari, pilipili ya kusaga,
na chumvi.
Mkono wake uliiendea chumvi bila jicho.

Nikaduwaa. Ni kama kumsikia akizungumza Kijapani.

Akamenya bilinganya milia milia,
akazizamisha katika maji ya chumvi.
"Ukizikaanga na hasira zake," akasema,
"zitakunywa mafuta yote na zisikushukuru."
Upepo wa Trakia ukawa unauchezea moto.
"Simama hapa. Panua shati. Wewe ni ukuta."
Nikawa ukuta:
baridi mgongoni,
na mbele yangu kitunguu kikigeuka rangi polepole.

Kiumars wa Tabriz akaja na kikombe cha mchele, hakuulizwa.
Rumen akaja na nyanya za mkwewe,
nyekundu mpaka ndani, akataka kwanza tuzinuse.
Nyama ndiyo kwanza inaingia,
honi zikalia: foleni imesogea!
Usiposogea, mwenzako atajipenyeza,
hata yule aliyekupa nyanya.
Baba akarukia usukani, akaniachia sufuria
na koti lake la kuishikia.
Nikatembea kando ya magurudumu, mita arobaini,
sufuria ikitokota mikononi,
Kiumars akinitangulia, akipiga kelele kwa Kiajemi,
"Njia! Njia!"
Nadhani ndivyo alivyosema.

Tulikula tumechuchumaa, sufuria moja,
mkate ndio kijiko.
Sijui nieleze vipi. Mama anapika vizuri,
mtaa mzima unajua.
Hiki kilikuwa kingine. Kilikuwa na vumbi, na dizeli kidogo,
na mtu aliyekipika alikuwa akinitazama nitafune.
Baba akakomba masalio, akalamba kidole.
"Mama yako asijue," akasema,
akalifunga sanduku, akalivuta kuhakikisha.

Mwezi mmoja baadaye, nyumbani: "Feride, chumvi."
Mama akainuka. Hatua mbili.
Nikaitazama sahani yangu kwa bidii.

Safari iliyofuata, alfajiri, mama akamletea mfuko wa nguo.
Juu mashati. Chini, ndani ya nailoni,
mnanaa aliouanika mwenyewe barazani,
pilipili mpya,
na kile kisu chake kidogo, kimenolewa.
Baba akaupokea kama anayepokea faini.
Akakohoa.
"Na chumvi?"
"Chumvi unayo," akasema mama,
akageuka kwenda kuosha vikombe.